Usingizi Barabarani: Ishara za Mwili na Hali ya Akili ya Dereva

Kutoka Mombasa hadi Free Area, pale barabara kuu itokayo Nairobi inapokaribia kuingia mjini Nakuru, ni mwendo wa takriban kilomita 640. Dereva wa lori asiyepaswa kuzidisha kasi ya kilomita 80 kwa saa hawezi kufika hapo kabla ya muda wa saa 8 kutimia, hata asiposimama popote. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inamkataza dereva wa gari la abiria au la mizigo kuendesha zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Kwa hivyo, anayefululiza safari hufika Free Area akiwa amekwisha kumaliza haki yake ya kuendesha, ilhali Malaba bado iko mbali. Sheria huhesabu saa, haiuoni mwili. Makala haya yanafafanua jinsi wanasayansi wanavyojaribu kuusoma mwili wenyewe ili kuitambua hali ya akili ya dereva.

Kabla ya kuvitazama vyombo, yafaa kutanguliza maneno, kwani lugha imekwisha kufanya sehemu ya kazi hiyo. Aliyechoka si lazima awe anasinzia. Anayesinzia bado hajalala. Naye aliye katika mang'amung'amu yu nusu macho, nusu usingizini. Kuna pia kuzubaa, ambako macho yako wazi lakini fikira ziko kwingine, na kuna taharuki. Hali hizi hazifanani, na mashine inayoziita zote "uchovu" itamwonya dereva kwa kosa ambalo hakulifanya.

Ubongo hutoa umeme hafifu, ambao daktari Mjerumani Hans Berger aliunasa kutoka kichwani mwa binadamu mwaka 1924, akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Lepe la usingizi linapomnyemelea mtu, mawimbi ya alfa (mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde) huongezeka, kisha huyapisha mawimbi ya theta, ambayo ni ya polepole zaidi. Maabarani kipimo hiki huheshimiwa sana. Barabarani mambo ni mengine: elektrodi sharti zishikamane na ngozi ya kichwa, na kila mtikisiko wa gari, hata kule kutafuna tu, huichafua ishara. Ni vigumu kumfikiria dereva wa matatu akivaa kofia ya nyaya kutoka Free Area hadi Nairobi.

Moyo na ngozi ni rahisi kufikiwa. Muda kati ya pigo moja la moyo na jingine haulingani daima, na mabadiliko ya tofauti hizo ndogo hudokeza kama mtu ametulia au amebanwa. Ngozi ya viganja nayo hupitisha umeme zaidi jasho la wasiwasi linapotoka. Mwaka 2005, Jennifer Healey na Rosalind Picard walichapisha utafiti uliowapima madereva katika barabara halisi za Boston, Marekani, wakagundua kwamba ishara za ngozi na za moyo ndizo zilizoandamana kwa karibu zaidi na mkazo wa akili.

Hata hivyo, matokeo ya Boston hayawezi kuhamishiwa Bonde la Ufa jinsi yalivyo. Wapo madereva wa masafa marefu wanaotafuna miraa ili wasilale. Kemikali iliyomo huuharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu, lakini haiufuti usingizi ambao mwili unaudai. Mashine inayosikiliza moyo peke yake yaweza kumhesabu mtu huyo kuwa yu macho kabisa. Ndiyo maana watafiti wengi huunganisha ishara kadhaa, hasa mpigo wa moyo na mwenendo wa kope: kope zikifunika mboni kwa muda unaozidi kurefuka, hapana miraa ya kuzificha.

Kuna na suala la mwenye takwimu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa nyeti. Mwajiri anayepokea mapigo ya moyo wa dereva wake anapokea pia habari za maradhi ambayo dereva hakuwahi kumweleza, na huenda akamwachisha kazi kwa hayo. Dereva anayelihofia hilo atakitafutia kihisi dawa: atakifunika, au atakichomoa. Tena, onyo likilia saa tisa za usiku karibu na Mbaruk, kitu cha kwanza anachokihitaji dereva ni mahali salama pa kuegesha lori lenye mzigo, alale japo dakika ishirini.