Jino la pembe si dawa ya pengo

Mimi ni mlaji tambuu. Nimeila kwa miaka 30, pamoja na popoo, chokaa na tumbaku yake, na meno yangu yamegeuka rangi ya mtungi wa zamani. Hilo halikunishughulisha mpaka mwanangu wa mwisho alipoposa, nami nikaombwa nisome shairi mbele ya wakwe. Nikajitazama kiooni, nikaona haya.

Ndipo niliposikia habari za vinia: vigamba vyembamba vya kauri, unene wake kama nusu milimita, vinavyogandishwa juu ya meno ya mbele yakang'aa kama lulu. Nilikwenda mahali fulani jijini wanapouza urembo huo. Nikakaa kitini dakika 5, nikapewa bei na siku ya kurudi. Hapana aliyeniuliza mbona mswaki wangu hutoka na damu kila alfajiri.

Siku hizo nilikuwa kwa binti yangu, mwalimu hapa Machakos. Akaniambia, "Baba, kabla hujatoa pesa, muone daktari wa meno wa hapa." Nikaenda kumridhisha tu.

Pa kungojea nilimkuta mzee wa Kikamba. Nilipomweleza lililonileta, akacheka. "Hayo si mapya. Baba yangu alichongwa meno ya mbele yakawa na ncha, ili apendeze." Naam, Msweden Gerhard Lindblom aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake juu ya Wakamba kilichochapishwa 1920. Nasi Wapwani tusiwacheke. Ni misafara ya Wakamba hao iliyotuletea pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19, na ni sisi tuliosema: jino la pembe si dawa ya pengo.

Daktari, mwanamke kijana, hakuniuliza rangi niitakayo. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama, akakipitisha taratibu baina ya ufizi na jino, moja baada ya moja, akitaja tarakimu. "Mzee," akasema, "ufizi mzima kina chake hakizidi milimita 3. Wako ni 5, na penginepo 6. Ukoga umeganda kama jiwe chini ya ufizi, na mfupa unaoshika meno unalika."

"Na vinia je?"

"Nyumba iliyolika msingi, ukiipaka chokaa umeitengeneza?"

Akanifafanulia. Ili kigamba kikae, mara nyingi jino huparwa tabaka lake gumu la juu, na tabaka hilo halioti tena. Gundi nayo haishiki vyema penye damu na umaji. Ufizi uliovimba ukitibiwa hunywea, basi ukingo wa kauri uliofichika leo utaonekana kesho, na ukoga hupenda kujikusanya hapo. Na jino likilegea likang'oka, kauri na pesa zimekwenda nalo. Akanipima sukari pia, kwani sukari isiyodhibitiwa huzidisha maradhi ya fizi. Juu ya tambuu hakunificha: popoo na tumbaku huleta saratani ya kinywa.

Wala hakuvikataa vinia kwa kila mtu. Pande za Athi River ziko sehemu ambazo maji ya visima virefu yana floraidi nyingi, na watoto wakuao kwa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Mtu wa namna hiyo, fizi zake zikiwa nzima, kauri yaweza kumsitiri.

Hapo nikakumbuka chuoni. Tulifundishwa kuwa Mtume (S.A.W.) aliwalaani wanaoachanisha meno kwa kutafuta uzuri, wakageuza umbo la Mwenyezi Mungu. Tukafundishwa pia habari za sahaba Arfaja aliyekatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikamtoa harufu, naye Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Kuondoa aibu ni jambo moja, kujipamba tu ni jingine. Mimi si mufti. Mwenye shaka amwulize mwenye elimu. Lakini juu ya mswaki hakuna khitilafu: lau si kuchelea kuwatia umati wake uzito, Mtume angeuamrisha kwa kila sala. Nami miaka yote hiyo nimeupitisha mbio mbio, kisha nikatia tambuu kinywani.

Nimekwanguliwa fizi mara mbili kwa ganzi. Jino moja la nyuma halikuokoka. Baada ya miezi miwili nilirudi kupimwa: penye 5 pamekuwa 3, penye 6 pamekuwa 4, na damu imekoma. Tambuu nimeiacha, ingawa kila nikishakula ulimi huiulizia. Rangi ya meno haijabadilika sana.

Harusi ni mwezi ujao, inshallah, na shairi nitalisoma kwa meno haya haya. Nawe msomaji, ukiona damu mswakini, usianze kwa kuuliza bei ya kauri. Uliza kwanza damu hiyo yatoka wapi.