Lenzi ya kilo moja na nusu: picha inalipa maumivu ya bega?



Juzi nilikuwa kwenye harusi, nimechuchumaa pembeni ya meza ya keki, akaja dogo mmoja anayeanza kazi hii ya picha. "Shikamoo kaka," akaanza. "Mama amekubali kunichukulia mkopo kwenye kikoba chao. Ninunue ile lenzi nyeupe kubwa wanayotumia wapiga picha wa mpira?"

Sikumjibu palepale maana bwana harusi alishashika kisu. Najibu hapa, na wengine mnaowaza kama yeye mfaidike. Mkopo wa mama si wa kuchezea.

Kwanza yangu. Mwaka 2008 nilikuwa na hela niliyotunza ya kuanzia msingi wa nyumba. Nikaichukua yote, nikanunua Canon 70-200mm f/2.8 yenye kituliza mtikisiko, iliyotumika. Ile lenzi peke yake ni gramu 1,470, hapo hujaweka kamera. Wiki ya kwanza nilitembea mtaani kifua mbele. Mwezi wa tatu nikawa siwezi kulalia bega la kulia.

Kwa nini zinakuwa nzito hivyo? Hesabu ni ya darasani tu. Ile namba ya f inapatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya milimita 200 yenye f/4 inahitaji tundu la milimita 50. Ukitaka f/2.8, 200 gawanya kwa 2.8 unapata kama milimita 71. Eneo la tundu linakuwa mara mbili, mwanga unaoingia nao mara mbili. Sasa kioo cha mbele lazima kiwe kipana, na kioo kikipanuka kinanenepa pia. Juu ya hapo, zumu nzuri haina kioo kimoja. Ile yangu ilikuwa na vipande 23 vya kioo, vingine kazi yake ni kusahihisha makosa ya vingine ili rangi zisiachane na pembe za picha zisivurugike. Linganisha na ile ndogo ya Canon 50mm f/1.8 ya mwaka 1990: vipande 6, gramu 130. Unaitia mfuko wa shati.

Ndugu yake ile kubwa, 70-200mm f/4 yenye kituliza mtikisiko, iliyotoka mwaka 2006, ni gramu 760. Urefu uleule, uzito karibu nusu. Swali ni hili: hizo gramu 710 za ziada zinakununulia nini?

Zinakununulia mwanga. Mechi ya usiku chini ya taa, f/4 ikikupa 1/250 ya sekunde, f/2.8 inakupa 1/500. Kwa mchezaji anayekimbia hiyo ni tofauti ya mguu unaoonekana na mguu uliopotea. Na hapa wengi tunadanganyana: kituliza mtikisiko kinatuliza mkono wako, hakimtulizi winga. Hata kiwe kizuri vipi, mtu akikimbia kwa spidi ndogo ya kamera atatoka ukungu.

Pili, nyuma ya mtu panalainika zaidi. Bi harusi anajitenga na viti vya plastiki na mafeni ya ukumbini. Hiyo wateja wanaiona, hata kama hawajui inaitwaje.

Tatu ni ukali wa picha, na hapa ndipo pesa nyingi inapotea bure. Mchana wa jua, ukifunga tundu mpaka f/8, hizi ndugu wawili huwezi kuzitofautisha kirahisi. Nilishawahi kupiga picha zilezile kwa lenzi zote mbili, nikazipunguza mpaka upana wa nukta 800 kama tunavyoziweka mtandaoni, nikawaita washkaji kwenye kompyuta. Za mchana walibahatisha tu. Za usiku walizitambua wote, tena haraka. Si ajabu: picha ya nukta 800 kwa 533 ina nukta kama laki nne na elfu ishirini na sita tu. Kamera ilikupa mamilioni, wewe umeyatupa ukiwa unapakia. Ule ukali wa ziada uliobeba kutwa nzima hakuna anayeuona. Ila ukichapa bango la ukutani, hapo sawa, utauona.

Halafu kuna jambo ambalo wauza lenzi hawakwambii. Uzito wenyewe unaharibu picha. Asubuhi, mzigo kidogo unasaidia kamera kutulia, hilo kweli. Lakini saa nne usiku, umesimama tangu send-off inaanza, mikono inatetemeka. Kanuni ya zamani inasema kwa milimita 200 usishuke chini ya 1/200 ya sekunde kama huna kituliza. Mkono uliochoka unahitaji spidi kubwa zaidi ya hiyo. Kwa hiyo ule mwanga ulioununua kwa uzito, uzito unaanza kuudai tena.

Na uharibifu mkubwa kuliko wote ni lenzi iliyobaki nyumbani. Mwaka 2010 mjomba wangu alikuja kututembelea toka Lushoto. Siku hiyo bega lilikuwa linawaka moto, nikaenda kumpokea mikono mitupu. Nikampiga picha kwa simu ya wakati ule, jioni, kibarazani. Chenga tupu. Mjomba hakurudi tena Dar, na hiyo ndiyo picha ya mwisho tuliyo nayo. Lenzi yangu nzuri kuliko zote ilikuwa juu ya kabati.

Mwaka 2014 niliuza ile f/2.8 nikachukua f/4. Sitawaficha, nimelipia pia. Kuna nusu fainali moja ya usiku nilinasa kipa anapangua penalti, mkono wote ukungu. Picha ikakataliwa, hela ikaenda kwa jamaa aliyesimama mita mbili kutoka kwangu na dude lake la kilo moja na nusu. Toka siku hiyo, mechi ya usiku nakodi kubwa ya siku moja, narudisha kesho yake.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Kamera za sasa zinavumilia giza. Zamani kwenye ISO 1600 chenga zilikuwa zinamwagika, leo hata 3200 unapiga na mteja hasemi kitu, kwa hiyo f/4 inafika mahali ambapo zamani ilikuwa lazima f/2.8. Na lenzi zenyewe zimekonda. Canon 400mm f/2.8 yenye kituliza ya mwaka 1999 ilikuwa gramu 5,370. Ya 2011 ikashuka mpaka 3,850, ya 2018 ikawa 2,840. Ile 70-200mm f/2.8 ya kamera zisizo na kioo, ya mwaka 2019, ni gramu 1,070. Nikon nao 300mm f/4 yao ilitoka gramu 1,440 ikaja 755 mwaka 2015. Ila wepesi huo unaulipia. Uzito umehama toka begani umekwenda mfukoni.

Kwa hiyo dogo, ushauri wangu ni huu. Kama kazi yako ni harusi, mikutano na picha za mtaani, anza na 50mm f/1.8. Toleo jipya la Canon la mwaka 2015 ni gramu 160 tu, na linapitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya ile nyeupe kubwa. Zumu utamalizia kwa miguu. Kama mchana wako ni viwanjani, tafuta f/4. Kama unaishi kwa mechi za usiku, hapo f/2.8 huna ujanja, lakini nunua na mguu mmoja wa kuegemea, ushike lenzi kwa chini na mkono wa kushoto, wala usiiache ining'inie kwenye mkanda wa kamera.

Na kabla mama hajasaini chochote, fanya jaribio la bure. Nunua maji ya chupa ya lita moja na nusu. Hiyo ni kilo moja na nusu, sawasawa na ile lenzi. Itembeze kutwa, panda nayo daladala umesimama, kila baada ya dakika mbili inyanyue mpaka usawa wa jicho uhesabu kumi.

Nilimtumia meseji yote hayo. Jana akanijibu: "Kaka, nimefika nayo mpaka saa nane mchana. Nimeinywa."

Haya wadau, wenye mabega ya chuma na mnaobeba nzito, njooni mnibishie hapo chini.