Shingo Ndiyo Inayotusimamisha



Tunapotembelea vikundi Likoni, Kisauni na Changamwe, kina mama wengi hutuambia: "Nikishatua mtungi wa maji, shingo yauma na kichwa chazunguka." Wengine huambiwa ni presha tu. Yaweza kuwa presha au upungufu wa damu, kwa hivyo ni lazima kupimwa. Lakini hata shingo yenyewe huweza kuleta kizunguzungu. Kivipi?

Shingo ina pingili 7. Huko juu, chini ya kisogo, mna misuli midogo midogo yenye mishipa ya fahamu mingi sana. Mishipa hii huupasha ubongo habari: kichwa kimeinama, kimegeuka au kimenyooka. Hebu jaribu. Keti, fumba macho, geuza shingo pole pole. Huoni kitu, lakini wajua uso umeelekea wapi.

Kwa hivyo ubongo una mashahidi watatu: macho, sikio la ndani na shingo. Wakikubaliana, twasimama wima. Misuli ya shingo ikichoka au ikiumia, shahidi mmoja asema vingine. Hapo ndipo mtu hupepesuka, na mwili hujikaza ili usianguke.

Je, kubeba kichwani ni kubaya? Mwaka 1986 watafiti, akiwemo Mkenya G.M.O. Maloiy, walieleza kwamba wanawake wa Kiluo na Kikuyu waliozoea kubeba waliweza kutembea na mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi. Kwa mama wa kilo 60, hiyo ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 una kilo 20!

Tufanyeje?

1. Tutumie mitungi ya lita 10, na kata nzuri ya leso.
2. Tusaidiane kutwika na kutua. Tusigeuze shingo ghafla tukiwa na mzigo.
3. Watoto wasibebeshwe mitungi mikubwa.
4. Aliyeanguka akaumia shingo, au anayekufa ganzi mikono, kulegea miguu au kuona vitu viwili viwili, asikandwe wala kuvutwa shingo. Apelekwe hospitali mara moja.

Maswali ya kujadili kikundini:

- Nyumbani kwenu nani hubeba maji, na mitungi mingapi kwa siku?
- Je, akiba yetu yaweza kununua mkokoteni wa kikundi?