Jeraha Limepona, Mkono Bado Unawaka

Pengine ulipasuliwa kifundo cha mkono, nyuzi zikatolewa, kovu likafunga vizuri. Miezi imepita, lakini usiku kiganja chawaka moto, vidole kama vyatambaliwa na siafu, na shuka ikigusa ngozi wastuka. Jamaa hulitazama kovu na kusema, “Mbona umepona?” Jeraha limepona kweli. Kinachouma ni mshipa wa fahamu.

Chukua mfano wa Pujini, kijiji cha Pemba karibu na Chake Chake, penye magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Huko karafuu huchumwa kwa kuukwea mkarafuu, naye aangukaye hutanguliza mkono. Kisha karafuu huchambuliwa: shada hushikwa kwa vidole na kusukumwa juu ya kiganja hata makonyo yaachane na karafuu. Mkono usiovumilia kuguswa utafanyaje kazi hiyo, na msimu haungoji mtu?

Kifundo cha mkono ni njia nyembamba. Ndani yake hupita kano 9 za kukunjia vidole, pamoja na mshipa wa fahamu uendao kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Mshipa huo ukijeruhiwa au ukinaswa na kovu, hupeleka kichwani habari za moto usiokuwapo. Nao ukiota upya hukua kama milimita 1 tu kwa siku.

Wengi huufunga mkono kitambaa na kuuficha kifuani. Hapo ndipo hukakamaa na maumivu kuzidi. Kunja na kunjua vidole kila siku. Papase mahali panapouma kwa pamba. Ukizoea, kwa kanga. Kisha tia mkono katika bakuli la mchele mkavu. Penye ganzi jihadhari na sufuria ya moto, maana utaungua usijue. Tena usipake mafuta ya makonyo yasiyochanganywa. Hutuliza jino, lakini mshipa wa kifundo hayaufikii, na ngozi yaweza kuungua.

Vidonge vya kawaida vya maumivu havisaidii sana hapa. Daktari aweza kukupa amitriptilini, kidogo, wakati wa kulala. Dawa hii ilianza kwa wagonjwa wa huzuni kuu, basi usidhani amekuita mwendawazimu. Hutuliza pia mishipa ya fahamu. Huleta usingizi na kukausha kinywa, na huchukua majuma kadhaa kufanya kazi. Mwenye ugonjwa wa moyo amwambie daktari kwanza.

Mkono ukivimba na kubadilika rangi, au nyama ya chini ya gumba ikipungua, rudi hospitali upesi. Daktari atagonga kovu kwa kidole. Kama shoti inaruka hadi vidoleni, huenda mshipa umebanwa hapo, na pengine itapasa kupasua tena. Kwa Mpemba, hospitali zi Chake Chake, Wete na Mkoani. Chukua na karatasi ya upasuaji wa kwanza, daktari aone kilichofanywa.