Mwanasesere wa Zamani na Nguo Zake

Somo letu la leo ni juu ya mwanasesere, yaani mtoto wa bandia, ambaye wengi humwita mdoli. Tutajifunza namna ya kumtafuta mwanasesere wa zamani, na namna ya kumshonea nguo. Tayarisheni daftari na kalamu ya risasi, kwa maana leo vitatumika mara mbili.

Labda mtu atauliza, "Mimi mtu mzima na mwanasesere, wapi na wapi?" Jibu lake ni hili: mwanasesere hakuwa mchezo wa watoto tu. Kwa Wazaramo wa pwani, na kwa makabila mengine mpaka kwa Wakaguru, majirani wa Wagogo upande wa mashariki, yuko mwanasesere aitwaye mwana hiti. Huchongwa kwa mti. Hana mikono wala miguu, ila ana kiwiliwili, shingo, na kichwa chenye kishungi cha nywele, mara nyingi vishungi viwili. Zamani msichana aliyevunja ungo alipowekwa ndani alipewa mwana huyo. Alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza kama mtoto wake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa malezi.

Leo wana hiti wengi wamo katika majumba ya makumbusho na katika nyumba za watu wa Ulaya na Marekani. Wengi wao walifika huko bila jina la mwenyewe wala la kijiji chake. Mti umebaki, habari yake imepotea. Basi anayemtafuta mwanasesere wa zamani atafute na habari yake pia.

Tutamtafuta wapi? Kwanza, nyumbani kwa wazee. Ukifika kwa bibi, mwamkie kwa heshima, "Mbukwenyi." Kaa chini, zungumza naye habari za mvua na za shamba, ndipo umwulize, "Bibi, ulipokuwa mdogo mlicheza na nini?" Huenda atakueleza juu ya mtoto wa gunzi la mahindi aliyefungwa kitambaa, au mtoto wa udongo, au wa kibuyu. Hata kama mtoto huyo hayupo tena, andika alivyotengenezwa. Ukijua hivyo, unaweza kutengeneza mwingine wa namna ile ile.

Na kama bibi anaye mwanasesere wa kale, usimharakishe auze. Usimtoe shanga zake, usimpake rangi, wala usimpigilie msumari. Andika jina la mwenye mali, kijiji, aliyemtengeneza, na mwaka ikiwa unajulikana. Tena ijulikane kwamba iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inataka kibali kabla ya vitu vya kale kupelekwa nje ya nchi. Mnunuzi akija na haraka nyingi, kwanza ulizeni Makumbusho ya Taifa.

Pahali pa pili pa kutafuta ni mnadani na sokoni, penye mafungu ya mitumba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Humo huweza kuwamo wanasesere wa plastiki kutoka ng'ambo. Mgeuze, usome nyuma ya shingo au mgongoni. Mara nyingi pana jina la nchi, na pengine mwaka. Lakini jihadhari. Mwaka ule huenda ukawa ni mwaka wa kuandikishwa kwa umbo lake, wala si mwaka aliotengenezwa. Barbie alianza kuuzwa Marekani mwaka 1959. Lakini wengi walioandikwa 1966 mgongoni walitengenezwa miaka mingi baada ya hapo. Basi usilipe bei kubwa kwa ajili ya tarakimu peke yake.

Mwanasesere wa mitumba aoshwe kwa sabuni na maji. Ikiwa rangi yake inabambuka, au plastiki yake inanata, asipewe mtoto mdogo anayetia vitu kinywani. Katika rangi na plastiki za zamani huweza kuwamo risasi, nayo ni sumu.

Sasa tuje kwenye nguo. Mwanasesere wa mtindo wa zamani hupendeza kwa vitambaa vya zamani. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi, na sehemu kubwa ya hongo hiyo ilikuwa nguo. Kulikuwa na merikani, kitambaa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, na kaniki, kitambaa cheusi. Kwa kazi yetu si lazima kununua kitambaa. Mwombe fundi cherehani vipande vinavyobaki chini ya meza yake.

Tutashona sketi. Chukueni kalamu. Tuseme kiuno cha mwanasesere ni sentimita 12. Ili sketi ipate marinda, zidisha mara mbili: 24. Ongeza sentimita 1 kila upande kwa ajili ya mshono: 26. Urefu wa sketi tunataka uwe sentimita 10. Ongeza sentimita 1 kwa pindo la chini, na sentimita 2 kwa pindo la juu litakalopitishwa lastiki: 13. Basi kata kipande cha sentimita 26 kwa 13. Piga bandi kwanza, mvalishe uone, ndipo ushone sawasawa. Kama huna utepe wa kupimia, pima kwa uzi, kisha uulaze uzi juu ya rula.

Mkikosea hapa, mmepoteza kipande cha kutupwa. Mkikosea katika gauni la mtoto wenu, mmepoteza kitambaa cha fedha. Hesabu ni ile ile. Tofauti ni ukubwa tu. Kwa hiyo aliyejua kumvika mwanasesere yu karibu kujua kumvika mtoto.

Kazi ya darasa:

1. Kiuno ni sentimita 15, na sketi iwe na urefu wa sentimita 9. Kipande kikatwe kwa ukubwa gani?

2. Kila mmoja amwulize mzee mmoja habari za mwanasesere wa utoto wake, aandike sentensi tano, pamoja na jina la mzee na la kijiji chake.

Karatasi hizo za sentensi tano msizitupe. Mwalimu azitunze pamoja darasani, kwa maana wazee wanayo mengi ambayo hayajaandikwa popote, na ninyi sasa mnajua kuandika. Kwaherini.