Mwendo wa Polepole na Ushindi wa Mark Allen

Neno "triathloni" linatokana na Kigiriki, na maana yake ni mashindano matatu. Katika mchezo huu mshindani huogelea, kisha hupanda baiskeli, na mwisho hukimbia kwa miguu. Muda wake huhesabiwa tangu aingiapo majini mpaka avukapo mstari wa mwisho, na hata dakika za kubadili nguo humo katikati huhesabiwa. Shindano la mchezo huu lililo mashuhuri kuliko yote lilianzishwa katika visiwa vya Hawaii tarehe 18 Februari, 1978. Siku hiyo watu 15 walianza na 12 wakamaliza. Umbali wake ni kilomita 3.8 baharini, kilomita 180 juu ya baiskeli, na mwisho marathoni nzima ya kilomita 42.195.

Safari ndefu namna hiyo hupima nguvu za misuli, lakini zaidi hupima jinsi mwili unavyoitumia akiba yake ya nishati. Ndiyo maana habari za Mark Allen, Mmarekani aliyelishinda shindano la Hawaii mara sita, zinamfaa mwanafunzi wa biolojia kama zinavyomfaa mwanamichezo. Kabla ya kushinda mara sita, Allen alishindwa mara sita.

MIAKA YA KUSHINDWA

Allen alizaliwa California mwaka 1958. Alianza kuogelea tangu utotoni, na baadaye akasoma biolojia katika Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwezi Februari 1982 alitazama katika televisheni shindano la Hawaii, akamwona Julie Moss, aliyekuwa akiongoza upande wa wanawake, akianguka kwa uchovu na kutambaa kwa mikono na magoti kuelekea mwisho. Mwenzake, Kathleen McCartney, alimpita hatua chache tu kabla ya mstari. Oktoba ya mwaka huo huo Allen naye alikuwa Hawaii miongoni mwa washindani.

Mara ya kwanza baiskeli yake iliharibika, naye hakumaliza. Mwaka 1983 alikuwa wa tatu. Mwaka 1984 aliteremka kwenye baiskeli akiwa amewaacha wenzake mbali sana, lakini katika marathoni nguvu zilimwishia kwenye barabara inayopita katika uwanda wa mawe meusi ya volkano, akatembea, akawa wa tano. Mwaka 1986 alikuwa wa pili. Mwaka 1987 alikuwa akiongoza katika mbio za miguu alipoishiwa nguvu tena. Alimaliza wa pili, akapelekwa hospitali akiwa anavuja damu ndani ya tumbo. Mwaka 1988 magurudumu yalipasuka, akawa wa tano.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu hakuwa dhaifu. Katika shindano la Nice, Ufaransa, ambalo wakati huo lilikuwa fupi kuliko lile la Hawaii, alipata ushindi mara kumi kati ya mwaka 1982 na 1993. Basi swali likawa hili: je, mwili wake haukuumbwa kwa umbali wa Hawaii, au kulikuwa na kitu ambacho haujafundishwa?

AKIBA MBILI ZA NISHATI

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kutazama misuli inapata wapi nishati yake. Mwili una akiba mbili kubwa. Ya kwanza ni glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini. Ya pili ni shahamu. Glaikojeni yaweza kulinganishwa na majani makavu yatiwayo jikoni: huwaka mara moja na kwa nguvu, lakini huisha upesi. Shahamu ni gogo: haishiki moto upesi, lakini ikishika hudumu usiku kucha.

Hesabu rahisi itadhihirisha tofauti yenyewe. Mwanariadha mwenye uzito wa kilo 70 ana glaikojeni ipatayo gramu 500. Kila gramu ya wanga hutoa kilokalori 4. Kwa hiyo akiba yote ni kilokalori 2,000. Kukimbia humgharimu mtu kadiri ya kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Basi kilomita 42 zitamgharimu mtu huyo 70 x 42, yaani kilokalori 2,940. Akiba ya wanga haitoshi hata kwa marathoni peke yake, sembuse marathoni inayotanguliwa na saa tano au sita za kuogelea na kuendesha baiskeli. Kula njiani husaidia, lakini matumbo hayawezi kupokea wanga wote autakao mkimbiaji. Mara nyingi hupokea kama gramu 60 kwa saa, au zaidi kidogo kwa mtu aliyejizoeza.

Kwa upande mwingine, hata mtu mwembamba ana kilo 5 za shahamu au zaidi. Gramu moja ya shahamu hutoa kilokalori 9, hivyo kilo 5 ni kilokalori 45,000. Nishati ipo tele. Shida ni kwamba shahamu haiwezi kutumika bila oksijeni, na kazi hiyo hufanyika taratibu ndani ya vyumba vidogo vya seli viitwavyo mitokondria. Mtu aendapo polepole, sehemu kubwa ya nishati yake hutoka katika shahamu. Aongezapo mwendo, misuli huelekea zaidi na zaidi kwenye wanga. Anayekimbia kwa pupa, kwa hiyo, huyamaliza majani yake makavu huku gogo likiwa halijaguswa.

Kuna hatari nyingine pia. Katika kila sehemu nne za nishati inayotumika, kama sehemu tatu hugeuka kuwa joto. Ili kulitoa joto hilo, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi, na nyingine kwenye misuli inayofanya kazi. Matumbo hubaki na damu kidogo, na jambo hilo likizidi kuta zake huweza kudhurika. Hii ni mojawapo ya sababu zinazowafanya wakimbiaji wa masafa marefu kuugua tumbo, na wakati mwingine kuvuja damu.

MOYO KAMA KIPIMO

Katikati ya miaka ya 1980 Allen alipokea ushauri wa Phil Maffetone, tabibu wa viungo wa huko Marekani. Maffetone alimwambia asiufuate mwendo wa saa bali aufuate moyo wake, na asiruhusu mapigo yazidi takriban 155 kwa dakika katika mazoezi yake ya kawaida. Chombo cha kupimia kilikuwa kimekwisha kupatikana: mwaka 1982 kampuni ya Polar ya Finland ilitoa kipimo cha mkanda uvaliwao kifuani, unaopokea umeme mdogo wa moyo na kuupeleka bila waya kwenye saa ya mkononi.

Kwa maelezo ya Allen mwenyewe, zamani alikuwa akikimbia kila siku kwa kasi kubwa, na mapigo yake yakikaribia 190. Alipojaribu kutii kikomo cha 155 ilimbidi apunguze mwendo hadi kama dakika 5 na sekunde 10 kwa kilomita, mwendo ambao bingwa huona haya kuonekana nao. Lakini alivumilia. Kadiri miezi ilivyopita, mapigo yale yale 155 yalianza kumpeleka mbele zaidi, na baada ya muda upatao mwaka mzima yalimwezesha kukimbia kilomita moja kwa kama dakika 3 na sekunde 20.

Ni mabadiliko gani hutokea katika mwili wa mtu afanyaye mazoezi hayo? Mitokondria huongezeka katika misuli. Mishipa midogo ya damu iizungukayo misuli nayo huongezeka. Chumba cha kushoto cha moyo hupanuka, kikasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mtu asiyefanya mazoezi, akiwa amepumzika, husukuma kama mililita 70 kwa pigo, na kwa mapigo 70 hupata lita 4.9 kwa dakika. Mwanariadha asukumaye mililita 100 kwa pigo hupata lita 5 kwa mapigo 50 tu.

TAREHE 14 OKTOBA, 1989

Hata hivyo mabadiliko haya hayakumpa Allen ushindi wa Hawaii mara moja. Msomaji amekwisha kuona kwamba aliendelea kushindwa mpaka mwaka 1988. Mapema mwaka 1989 alikwenda New Zealand pamoja na Scott Molina, mshindi wa Hawaii wa mwaka uliotangulia, ili kuyarefusha mazoezi yake kuliko zamani.

Oktoba ilipofika, Allen hakukimbilia kuongoza. Alikaa kando ya Dave Scott, bingwa aliyekwisha kushinda mara sita, wakaogelea pamoja, wakaendesha baiskeli pamoja, na wakakimbia bega kwa bega kwa muda wa marathoni karibu nzima. Zikiwa zimebaki kama kilomita tatu, kwenye mlima wa mwisho, Allen alijitenga. Alimaliza kwa saa 8, dakika 9 na sekunde 15. Scott alifika sekunde 58 baadaye. Marathoni yake ya saa 2, dakika 40 na sekunde 4 haikuvunjwa katika shindano hilo mpaka mwaka 2016, Patrick Lange wa Ujerumani alipokimbia kwa saa 2:39:45.

Allen alishinda tena kila mwaka hadi 1993. Mara ya mwisho ilikuwa 1995, akiwa na umri wa miaka 37. Siku hiyo Mjerumani Thomas Hellriegel alimaliza baiskeli akiwa mbele yake kwa zaidi ya dakika 13, naye akampata katika mbio za miguu.

HADHARI KWA MWANASAYANSI

Je, habari hizi zathibitisha kwamba mazoezi ya polepole ndiyo yaliyomfanya Allen bingwa? Hazithibitishi. Hakuwapo Allen wa pili aliyeendelea kukimbia kwa kasi kila siku ili tumlinganishe na huyu. Pia, kati ya kushindwa na kushinda, mambo mengi yalibadilika: umri, uzoefu, urefu wa mazoezi na mbinu. Tena kanuni ya Maffetone ya kutoa umri katika 180 ni makadirio tu, maana watu wawili wa rika moja huweza kutofautiana kwa mapigo 20 au zaidi katika kilele cha mioyo yao.

Ushahidi ulioongezeka baadaye unaelekea upande huo, lakini nao una mipaka. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani afanyaye kazi Norway, alichunguza mazoezi ya mabingwa wa kupiga makasia, kuteleza thelujini na kukimbia, akaona kwamba karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vya mwendo mwepesi. Sehemu iliyobaki ni migumu, na Allen naye hakuiacha: alipokwisha kujenga msingi aliongeza mazoezi ya kasi.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili shuleni. Kila mmoja azunguke kiwanja mara mbili kwa mwendo mwepesi na kwa muda ule ule kila wiki, kisha mara asimamapo ahesabu mapigo ya mshipa wa mkono kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa 4. Wenye pumu au ugonjwa wa moyo wawe waandishi wa matokeo. Nusu ya darasa ifanye mazoezi mepesi mara tatu kwa wiki, na nusu nyingine iendelee na maisha yake ya kawaida. Baada ya wiki nane wachore grafu mbili na kuzilinganisha. Mstari utakaoteremka na mstari utakaokataa kuteremka yote miwili iandikwe kama ilivyo, na mwalimu awaulize wanafunzi ni mambo gani mengine yaliyobadilika katika wiki hizo nane.