Skrini Haioni Ncha ya Biti

"Mwalimu, nifunge kipimo gani cha dijitali kwenye leti yangu ili nitoboe kina cha uhakika hadi sehemu ya mia ya milimita?" Naulizwa hivyo na vijana waliojinunulia leti ndogo za mezani, na wenye karakana waliorithi mashine za zamani nao huuliza vilevile. Wote wanangoja nitaje jina la kifaa na bei yake. Sitajibu hivyo tena, kwa sababu swali lenyewe limekaa vibaya, na muuza vifaa hana faida yoyote katika kulinyoosha.

Tunazungumzia telistoki, kichwa cha nyuma cha leti kinachoshika biti ya kutobolea huku kipande kikizungushwa upande wa pili. Ukizungusha gurudumu lake la mkono, bomba la chuma hutoka na kuisukuma biti mbele. Kipimo cha dijitali, ambacho mara nyingi ni venia ya bei nafuu iliyokatwa taya, hufungwa ubavuni: ufito wake kwenye bomba, sehemu yenye skrini kwenye mwili wa telistoki. Bomba likitoka milimita 12, skrini inaandika 12.00. Watu wakiona hivyo huamini kwamba na tundu lina kina cha 12.00.

Si kweli. Skrini imepima jambo moja tu: bomba limetoka kiasi gani ndani ya telistoki. Kipande haikijui, biti haiijui, wala haina habari kama telistoki yenyewe imetulia kwenye bedi, ile reli ya leti inayoibeba.

Anza na hilo la kutulia. Kwenye leti ndogo nyingi telistoki hubanwa na nati moja tu kwa chini. Ukisukuma biti nene kwenye chuma, nguvu ileile inayoizamisha biti inaisukuma telistoki irudi nyuma. Nati ikiwa imelegea au bedi ina mafuta, telistoki inateleza polepole. Wewe unazungusha gurudumu, bomba linatoka, namba zinapanda, na tundu halichimbwi. Ni sawa na abiria anayehesabu hatua zake ndani ya daladala ili ajue amefika umbali gani kutoka nyumbani. Na kama biti haikukazwa vizuri, inazama ndani ya kishikio chake, na kosa ni lilelile: skrini inahesabu mwendo ambao haukufika kwenye kipande.

Sasa njoo kwenye ncha, ambako hasara kubwa hutokea. Chukua biti ya kawaida ya milimita 10 yenye ncha ya digrii 118. Ncha hiyo ni koni, na urefu wake ni takriban 0.3 ya kipenyo, yaani milimita 3 nzima. Fundi anagusisha ncha kwenye uso wa kipande, anaweka skrini sifuri, anatoboa hadi 15.00, anatoa biti akiamini ana tundu la milimita 15. Alichonacho ni milimita 12 zenye kipenyo kamili, na koni ya milimita 3 chini yake. Mchoro wa kazi ukiandika kina cha 15, kwa kawaida unamaanisha kina cha kipenyo kamili. Pini yenye mwisho bapa, ya kipenyo cha milimita 10 na urefu wa 15, ikiingizwa humo itagota kwenye koni na kubaki nje kwa milimita 3. Kosa hilo ni mara 300 ya tarakimu ya mwisho ambayo mnunuzi aliilipia. Akichukua biti ya digrii 135, koni inapungua hadi milimita 2 na ushei, na hesabu inabadilika. Akiwa ameinoa biti kwa mkono bila geji ya pembe, hana hakika hata ya hizo digrii 118. Hakuna skrini duniani, ya bei yoyote ile, itakayoliona jambo hili ikiwa imefungwa kwenye bomba.

Kuna pia suala la mahali kipimo kinapokaa. Mjerumani Ernst Abbe, aliyefanya kazi na Carl Zeiss mjini Jena, alieleza mwaka 1890 kanuni ambayo kila mpimaji angepaswa kuijua: kipimo kikae kwenye mstari uleule wa kitu kinachopimwa. Venia ya ubavuni haikai kwenye mstari huo. Tuseme iko milimita 40 kutoka katikati ya bomba. Bomba lililolika likiinama kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, mwinamo ambao jicho halioni, kinachosomwa ubavuni na kinachotokea katikati vitatofautiana kwa takriban milimita 0.07. Mia ya milimita imeshapotea mara saba kabla hata hujaanza kulaumu kifaa.

Kifaa chenyewe nacho kina mipaka. Venia ya dijitali ya milimita 150 huonyesha hatua za 0.01, lakini watengenezaji wenyewe kwa kawaida huahidi usahihi wa 0.02 au 0.03 kila upande. Hatua ndogo inayoonekana na usahihi ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kunakouza vifaa vingi visivyohitajika. Ongeza na suala la joto: chuma cha urefu wa milimita 60 kikipanda nyuzi joto 50 kinarefuka kwa takriban 0.03. Biti iliyotoka kwenye tundu inafuka moshi, halafu mtu anabishana nami kuhusu tarakimu ya pili baada ya nukta!

Nisieleweke kwamba kipimo hiki hakina kazi. Kina faida moja ya kweli. Skrubu ya telistoki iliyolika ina plei, yaani ulegevu, na anayehesabu mizunguko ya gurudumu huihesabu plei hiyo kama kina. Kipimo kilichofungwa kwenye bomba hakiihesabu, kwa sababu husoma bomba lenyewe. Mwenye kutoboa vipande 40 vinavyofanana ataona nafuu kubwa. Lakini plei bado ipo pale pale, na bomba lililolegea litabaki limelegea. Mashine mbovu yenye skrini ni mashine mbovu.

Na tafadhali, acheni kufunga kipimo kwa gundi ya kukauka haraka au vipande vya sumaku. Gundi ile ikikauka huwa kama kioo, kisha hupasuka kwa mtikisiko na joto. Sumaku inakusanya vinyoleo vya chuma mahali pale pale pasipotakiwa uchafu. Venia za aina hii hupima kwa chaji za umeme zinazobadilika kati ya ufito na sehemu yenye skrini. Maji ya kukatia yakiingia katikati, namba zinaruka ovyo.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, fanya jaribio hili. Weka geji ya saa kwenye bedi, ncha yake iguse mgongo wa telistoki, kisha toboa kwa biti yako nene kuliko zote. Mshale ukisogea, tatizo lako ni telistoki. Safisha bedi, rekebisha mbano, rudia hadi mshale utulie.

Ukishavuka hapo, chagua kwa kazi uliyonayo. Tundu la kutokea upande wa pili halihitaji kipimo chochote. Kina kinachoruhusiwa kupishana nusu milimita kinatosheka na alama zilizochongwa kwenye bomba, rula ya chuma, au pete yenye skrubu kwenye biti. Cha moja au mbili za kumi za milimita: funga venia ya dijitali kwa mabano ya aluminiamu na skrubu, karibu na bomba kadiri nafasi inavyoruhusu, uifunike dhidi ya maji, na utumie betri ya SR44 badala ya LR44, maana volti zake hazishuki mapema. Gusisha ncha, weka sifuri, jumlisha 0.3 ya kipenyo kwenye kina unachotaka ikiwa ncha ni ya digrii 118, ndipo utoboe. Kama unatoboa mamia kwa wiki, kipimo cha utepe wa sumaku ni ghali zaidi lakini huvumilia mafuta. Na ukihitaji mia ya milimita kweli, usiidai kutoka kwa biti: toboa pungufu, malizia kwa kisu cha kupanulia tundu kilichofungwa upande wa kisu cha leti, acha kipande kipoe, kisha pima tundu lenyewe kwa mikromita ya kina.

Pesa ya kwanza iende kwenye mbano wa telistoki, geji ya kunolea biti na mikromita hiyo. Kipimo cha dijitali kingoje zamu yake.